Nyumba ya Wageni ya Radhia

"Chupi ya mwanaume kwenye kamba yangu! Mimi mjane, Radhia! Watu waelewe nini?"

"Mama, si nimekwisha kuitoa? Mgeni alikosea kamba."

"Mgeni, mgeni! Kila Ijumaa mgeni mpya. Mgeni gani wa ukoo asiyejua hata jina la babu yako? Hiyo ni gesti bubu!"

Sauti ya jirani Bi Sijaona ilifika ng'ambo ya ziwa, na mtaa mzima ulishatoka nje, hata waliokuwa na ugali motoni. Gesti bubu! Neno hilo la vyumba vya watu kukutania kwa siri, kwa msichana anayesubiri posa, ni kumwagiwa maji ya choo hadharani.

Radhia akajifunga upya khanga kiunoni. Miaka ile ya ruksa, serikali ilipowafungulia watu biashara, kila mtu alifungua kitu, huyu kioski, yule mitumba. Yeye alikuwa na vyumba viwili vya marehemu bibi yake vinavyotazama ziwa Singidani, akawapangisha watu wa likizo kutoka Dodoma na Arusha. Walikuja siku mbili tatu, wakapunga upepo, wakatazama ndege, wakaondoka. Leseni? Si wamesema ruksa?

Wakatokea wakaguzi wa leseni waliokuwa wakipita mtaa kwa mtaa. Mbele Bwana Melkizedeki, mkuu wa ofisi ya biashara, na tumbo lake. Nyuma yake, shati jeupe limenyooka kwa pasi, Abdulmajidi. Majidi wake! Yule aliyemkuta stendi anahangaika na mabegi ya wageni, akamwambia, "Dada, sura kama hiyo haibebi mzigo," akayabeba mwenyewe hadi nyumbani. Mshenga wake alikuwa aje mwezi ukiandama.

Moyo wa Radhia ukatulia. Lakini Majidi alimtazama kama anatazama ukuta.

"Wewe dada, ndiye mwenye nyumba?"

Dada!

"Hii ni nyumba ya wageni?" akadakia Bwana Melkizedeki.

Radhia akainua kidevu. Bibi yake alisifiwa mji mzima kwa kukaribisha wageni. "Ndiyo. Nyumba ya wageni tangu enzi za bibi. Hapa hajawahi kufukuzwa mtu."

Majidi akafumba macho. Kisheria amekwisha kukiri: nyumba ya wageni, haina leseni, bwana afya hajaikagua. Vyumba vikafungwa palepale, na aliyebandika karatasi mlangoni ni Majidi, kwa mkono wake.

Kesho yake simu ikalia dukani kwa Mselemu, simu pekee ya mtaa. "Radhia! Kipenzi chako huyu!" Wateja wakasahau sukari zao.

"Radhia, mpenzi..."

"Nani mwenzangu?"

"Mimi Majidi."

"Ahaa, kaka wa leseni. Dada yako hajambo."

"Nisikilize, mama. Ningekuita mpenzi pale, wangesema gesti ni yetu wote wawili."

"Kwa hiyo ulinionea haya?"

Hakungoja jibu. Akaweka simu.

"Kasemaje?" akauliza Mselemu.

"Uza sukari, wewe."

Mwezi ukaandama, mshenga hakuonekana. Mtaani wakasema mama yake Majidi hataki mkwe wa gesti. Radhia akawa anapita barazani kwa watu kajifunika mtandio hadi machoni.

Alasiri moja Majidi akasimama mlangoni, vumbi hadi kwenye kope, ananuka ng'ombe.

"Umetoka wapi wewe?"

"Mnadani. Siku hizi nakata ushuru wa mifugo. Nilimwambia mkuu anitoe kwenye jalada lako, nikasema Radhia ni mchumba wangu. Akanitoa ofisi nzima."

Hakunong'ona. Upande wa pili Bi Sijaona akaacha kupepeta mtama.

"Umechelewa kulisema," Radhia akamwambia.

"Nimechelewa."

"Na mama yako?"

"Bado kanuna. Lakini mshenga nitamleta hivyohivyo. Utampokea?"

"Sijui, Majidi. Ile dada bado inaniwasha masikioni." Akamtazama mashavu yalivyobonyea. "Umekula?"

"Chai ya asubuhi tu."

"Vua viatu, unawe." Akageukia uani. "Bi Sijaona! Acha kutega sikio, mama yangu. Njoo na wewe tule, usije ukasema tumefunga mlango."