Nagi na Upanga Usiodanganywa

Sogeeni karibu, watoto. Acheni kusukumana. Hadithi hii inataka utulivu.

Nagi aliishi mlimani, kwenye theluji nyingi. Aliishi na mdogo wake, Tomo, na mama yao, mlinzi wa kijiji.

Mama alikuwa na upanga wa ajabu. Ukiuambia unachokiogopa, unakuwa mwepesi, unakata hata mwamba. Ukiudanganya, unakuwa mzito, na hautoki kwenye ala yake.

Kila alipotaka kuuchomoa, Mama aliinama, akasema, "Upanga wangu, naogopa mto."

Shwaaa! Upanga ukatoka.

Asubuhi moja, gudu-gudu-gudu! Barafu iliporomoka. Ikaziba mlango wa pango moja karibu na kijiji, na Tomo yumo ndani. Nagi alikuwa nje.

"Dada! Nasikia baridi!"

Mama alikuja mbio na upanga wake. Lakini mkono wake ulikuwa umevunjika, umefungwa kitambaa.

"Nagi, mwanangu, chomoa wewe."

Nagi aliinama. "Upanga wangu, naogopa mto."

Ngii! Upanga ukakwama.

Nagi haogopi mto hata kidogo. Huogelea humo kila kiangazi. Huo ulikuwa woga wa Mama. Upanga ulitaka woga wa Nagi.

"Upanga wangu, siogopi kitu!"

Ngiii! Upanga ukawa mzito kama gunia la mchele. Ukamponyoka.

"Dada..." Sauti ya Tomo ilikuwa ndogo sasa.

Nagi alimtazama Mama. Alitamani Mama asisikie. Lakini uwongo haukati barafu.

"Upanga wangu, namwogopa Mama. Alitukataza kwenda pangoni. Mimi ndiye niliyemwambia Tomo ajifiche humo."

Shwaaa!

Upanga ukatoka, mwepesi kama unyoya.

"Tomo, rudi nyuma!"

Kacha! Kacha! Barafu ikapasuka. Tomo akatoka anatetemeka, makamasi yanamchuruzika.

Mama alimbeba Tomo kwa mkono mmoja. Njia nzima alitangulia mbele, bila kugeuka kumtazama Nagi. Nagi aliumia sana moyoni.

Walipofika nyumbani, Mama aliwapa uji wa moto. Kisha akawalaza, akawafunika blanketi moja.

"Mama, umenikasirikia?"

"Ndiyo. Nimekasirika sana."

Nagi akalia. Mama akamvuta kifuani.

"Nimekasirika, na nakupenda. Vyote viwili. Haya, lala, mwanangu."

Tomo alikuwa ameshalala. Miguu yake ilikuwa baridi, na aliiweka juu ya tumbo la dada yake.

Nagi hakuisukuma. Aliiacha pale mpaka ikapata joto.