Kivuli cha Pili

Haya niliyaona mwenyewe, kwa macho yangu haya mawili, sikusimuliwa na mtu. Shule niliiacha katikati, lakini kompyuta zinazowashinda wenye vyeti huishia mezani kwangu.

Jua lilikuwa linazama nilipofika kwa dada yangu. Alikuwa amenipigia simu: ule mchezo wa shambani, kwenye kompyuta ya marehemu mumewe, unakwama. Ni mashine dhaifu, haina kadi yake ya picha, inaazima nguvu za prosesa, ubongo wa mashine, kama jirani anayeomba chumvi kila siku. Feni ilikuwa inalia. Mkulima kwenye skrini alipiga hatua, akaganda, akapiga nyingine.

Nyuma yake vilimfuata vivuli viwili.

Nikacheka. Nikamwambia dada hizo ni mbwembwe za mashine iliyochoka. Hakucheka. Kwa sauti ya chini akanieleza kwamba kile cha pili kilianza kuonekana baada ya mazishi, na kila jioni hukaa nacho mpaka usingizi uje.

"Ondoa kukwama tu, kaka. Yeye usimguse."

Nikamwambia aniachie mimi, yeye akapike chai.

Sasa, fundi yeyote anajua kinacholemea mashine ya namna hii ni vivuli. Ukivizima kwenye mipangilio ya mchezo, unateleza. Na mimi nilitaka akirudi abaki mdomo wazi. Nikasema moyoni, nazima kidogo tu, anione mimi ni nani, kisha narudisha...

Nikazima.

Mchezo ukateleza kama sabuni. Feni ikanyamaza. Chumba kizima kikanyamaza. Halafu harufu... gundi ya viatu. Shemeji alikuwa fundi viatu. Ikanipita shavuni, ikasimama mgongoni.

Dada akaingia na kikombe. Akaitazama skrini.

"Yuko wapi?"

Nikavirudisha vivuli haraka haraka. Mkulima akaanza tena kukwama. Kivuli kikarudi.

Kimoja.

Nikaizima mashine, nikaiwasha. Kimoja. Dada akaweka kikombe chini, akagusa skrini pale palipobaki patupu. Akasema haina neno, kaka. Nikaaga bila kunywa chai.

Barabarani, chini ya taa, niliangalia chini. Vilikuwa viwili. Utasema labda taa zilikuwa mbili. Hata mimi nilijiambia hivyo. Lakini kile cha pili kilikuwa kinachechemea, kama alivyochechemea shemeji, na miguu yangu mimi ni mizima.

Mpaka leo kinanifuata. Nikipita karibu na nyumba ya dada, kinajivuta kuelekea mlango wake, nami naongeza mwendo. Niingie nimwambie nini? Kwamba ninaye mimi?

Yote ni kweli kama nilivyoyaeleza, isipokuwa mahali pamoja nilipotia chumvi. Lile la "haina neno, kaka" nimelitunga. Dada hakusema kitu. Mpaka leo hajaniambia kitu.