Kelele ya Kipara

Jumatatu hiyo soko la Ifakara lilifurika mpunga mpya, na Verediana, fundi cherehani wa kwenye baraza la duka la vitambaa, hakuwa na muda wa kuinua shingo. Alivaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Ndipo akasikia kitu kinakuja: kri-kri, kri-kri, kri.

Lilikuwa gari jekundu la wazi, lile ambalo mzungu mmoja wa mradi alimwachia Mzee Anselim, mwenye mashine ya kukoboa, alipokuwa anarudi kwao. Turubai lake la kufunika lilichanika, na mji mzima ukaliita Kipara. Likasimama mbele ya baraza, akashuka kijana mrefu wa ovaroli, mikono imejaa grisi.

"Habari za kazi, dada. Naitwa Lukelo, fundi makenika. Turubai hili linashoneka?"

"Linashoneka. Unalitaka lini?"

"Ijumaa. Jumamosi Mzee Anselim anampeleka bintiye kanisani kufunga ndoa, na gari ni hili. Turubai kazi yako, kelele kazi yangu. Nimefungua magurudumu yote manne, bado linalia."

"Kelele yenyewe haitoki kwenye magurudumu. Inatoka nyuma, juu."

"Umejuaje, na wewe unashona magauni?"

"Cherehani ikianza kuumwa naisikia kabla haijakata uzi. Nyie mnaanza na spana, hamsikilizi kwanza."

Lukelo akacheka mpaka akajipaka grisi shavuni. "Basi kesho jioni panda, ukanisikilizie."

Mwanamke mwenye akili zake angekataa. Nyumbani kwao kulikuwa na barua ya posa, iliyoletwa na mshenga wa Sylvanus, karani wa shamba la miwa huko Kidatu, na Jumapili baada ya misa Shangazi Merina alikuwa amuulize kama ipokelewe au irudishwe. Sylvanus hakuwa mtu mbaya. Verediana alikuwa amemwona mara mbili tu, na mara zote mbili alizungumzia bei ya mabati. Sasa mimi sitamtetea binti wa watu: Jumanne, jua lilipopoa, alipanda.

Lukelo aliendesha taratibu barabara ya Kivukoni. Verediana alikaa nyuma, kichwa kimeinama juu ya fremu ya turubai iliyokunjwa. Mashamba yaliyovunwa yalipita pande zote mbili, yangeyange weupe wakitembea kwenye mabua, na upepo ulinukia pumba na moshi wa mbali.

"Unasikia, Vere?"

"Nasikia unavyoongea. Nyamaza."

Akanyamaza. Kri-kri. Verediana akapeleka mkono kwenye nati ndogo upande wa kulia wa fremu. "Hapa."

Lukelo akasimamisha gari, akaja, akaweka mkono wake palepale, juu ya wa Verediana, akauacha hapo kwa muda ambao nati haikuuhitaji. "Labda," akasema. "Sina uhakika. Tujaribu tena kesho."

Jumatano wakaenda Michenga. Kelele ilikuwa imehamia kushoto. Verediana aliona ajabu, akataka kusema, kisha Lukelo akageuka na kumuuliza kama ana baridi, na ile ajabu akaiacha ipite. Alhamisi wakafika karibu na Mofu. Siku hiyo alikaa mbele, viatu amevua, na hakuna aliyesikiliza kitu. Alijiona kama yumo usingizini na hataki kuamshwa. Lakini ndani ya gari lisilo na paa humfichi mtu. Kina mama waliobeba mpunga waliwapungia mikono, na habari ikafika Ifakara kabla yao.

Ijumaa asubuhi Mzee Anselim alipita barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Yule fundi ana mikono. Tangu juzi asubuhi gari limepona. Jana limenipeleka Mang'ula na kunirudisha kimya kabisa."

Sindano ikamchoma Verediana kidole. Lukelo alipofika mchana na kusema, "Mama masikio, panda tukajaribu mara ya mwisho," alimkuta amekunja turubai, na uso ameukunja pia.

"Ile nati ulikuwa unaikaza asubuhi na kuilegeza jioni?"

Lukelo akatazama chini. "Ndiyo."

"Umenitembeza bonde zima kama mbuzi wa mnada, na kwetu kuna posa mezani. Jumapili naulizwa."

"Posa? Sikujua, Vere."

"Ungeuliza."

"Niliogopa jibu. Kila jioni nilipanga kusema, kila jioni nikaona bora tuzunguke tena."

"Turubai hilo hapo. Nenda."

Jioni Shangazi Merina alikuwa uani anapeta mchele. "Michenga wanasema ulikuwa unacheka mpaka unashika mbavu," alisema bila kuinua macho.

"Alinidanganya, shangazi. Kelele aliiweka mwenyewe."

"Wewe, unayesikia sindano ikidondoka sakafuni? Hukujua?"

Verediana akakaa kwenye kigoda. Alijua. Tangu Jumatano alijua, akapanda na Alhamisi. Alimpenda yule mwongo, na keshokutwa angepoteza nafasi ya kusema hivyo.

Jumamosi asubuhi alikwenda posta, akapiga simu kwenye ofisi ya mashine ya Mzee Anselim. Lukelo aliitwa kutoka kwenye kulipamba gari. Akaja anahema.

"Vere?"

"Siku ya pili ulilegeza nati ya kushoto badala ya kulia."

Simu ikanguruma kidogo. "Kumbe uliona."

"Niliona nikanyamaza. Kwa hiyo hasira za jana nusu ni zangu mwenyewe. Nusu nyingine unazistahili."

"Nazikubali, mpenzi. Niambie nifanye nini."

"Kesho baada ya misa ya kwanza. Usinipitie na gari. Tafuta mtu mzima, aje kwa mlango wa mbele, kama wanavyokuja watu."

"Na wa Kidatu je? Ametangulia."

"Lukelo, nimesema uje."

Jumapili Mzee Anselim alitembea kwa miguu mpaka kwao Verediana, kanzu nyeupe, mkononi bahasha iliyofungwa ndani ya leso. Lukelo hakuingia, maana mposaji haingii. Alisimama ng'ambo ya barabara na shati lililopigwa pasi, akijifanya anatazama kuku wa watu.

Shangazi Merina akaziweka barua mbili mezani, akamwita Verediana.

"Wa Kidatu ana kazi ya mshahara na nyumba ya mabati," alisema. "Huyu wako ana spana. Sema mwenyewe, usije kesho ukasema tulikusemea."

Verediana akaisogeza barua ya Kidatu upande wa shangazi yake.

"Ya Kidatu irudisheni kwa heshima, shangazi," alisema. "Ya Lukelo ipokeeni."