Mgeni wa Bwana Taa

Feni ya sebuleni ilikuwa inazunguka mchana kweupe, na umeme haukuwapo.

Bwana Taa alisimama chini yake, bilauri ya maji mkononi, akaitazama kama mtu anavyomtazama kibarua aliyemkuta kazini siku ya mapumziko. Hakuna aliyejua kuliko yeye kwamba umeme haukuwapo, maana umeme wa kisiwa kile ulikuwa wake. Jenereta yake ilikaa kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba, iliyojengwa mlimani juu ya kijiji. Iliwashwa jua likizama na kuzimwa watu wakishaingia kulala, na ufunguo wa banda haukubanduka kiunoni mwake. Alikwenda kuigusa. Ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Aliporudi, feni ilikuwa bado inakwenda, taratibu, bila mlio, na kilichomkera zaidi ni kwamba haikutoa upepo. Aliinua kiganja mpaka karibu na mapanga yake. Hewa ilikuwa imeganda kama uji uliolala.

"Ujinga mtupu," alisema, akaketi anywe maji yake.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kila siku. Watu wa kisiwani aliwaita kuku. "Kuku wangu," alikuwa akisema, "nikizima wanalala, nikiwasha wanapiga kelele." Aliwacheka wavuvi kwa kunuka samaki na walimu kwa kuvaa viatu vilivyoliwa visigino. Hata mkewe, aliyekuwa mkunga wa zahanati, alimcheka, kwamba amesoma miaka yote hiyo ili aje kushika miguu ya wanawake. Alikuwa na kipaji cha kudharau kama wengine walivyo na kipaji cha kuimba.

Wiki iliyopita kisiwa kizima kilikutana kwenye ukumbi wa shule. Mhandisi mmoja kijana, aliyetumwa kutoka bara, alileta picha za mitambo ya upepo. Alitaka kuisimamisha juu ya kilima, pale ambapo upepo hauna likizo. Umeme ungepatikana usiku na mchana. Mkewe Bwana Taa ndiye aliyesimama wa kwanza kuunga mkono.

"Juzi nimezalisha nikiwa nimeuma simu kwa meno ili nipate mwanga," alisema. "Dawa zinazotaka baridi zinaharibika kila mchana. Mimi nasema mitambo ije, hata kesho."

Watu walipiga makofi. Bwana Taa aliona kabisa kwamba kura zingepigwa saa ile, jenereta yake ingebaki pa kutagia kuku wa kweli. Kubishana na mhandisi kuhusu upepo asingeweza. Basi akasimama, akakohoa kidogo, akadanganya.

"Mimi sipingi maendeleo," alisema kwa upole. "Nauliza tu. Mwenyewe ameulizwa?"

"Mwenyewe nani?" mhandisi akauliza.

"Mwenye kilima. Kule juu kuna jini, na upepo wote huu mnaousikia ni wake. Mnataka kumsimamishia mapanga mlangoni kwake? Mimi namjua. Ni mgeni wangu. Anakuja kwangu, anakaa sebuleni kwangu, tunaongea. Kama nasema uongo, nyumba yangu na ishuhudie."

Mhandisi alicheka. Hakucheka mwingine. Kura ikaahirishwa.

Njiani kurudi nyumbani mkewe alimuuliza kwa sauti ya chini, "Mume wangu, umesema nini pale?"

"Nimewatupia punje. Kuku humwandalii meza."

Sasa feni ilikuwa inazunguka yenyewe, na siku iliyofuata ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya kinywa, kinywa cha mtu aliyekaa na njaa muda mrefu bila kusema na mtu. Mkewe alifua mapazia, akapiga deki kwa dawa ya zahanati, akafungua madirisha yote. Harufu haikutoka. Ilikaa upande mmoja wa sebule, kwenye kiti cha Bwana Taa, na mto wa kiti hicho ulikuwa umebonyea katikati hata kama hapajakaa mtu.

Nyumbani mle alikuwamo pia mama mkwe wake, kikongwe aliyekuwa akimstahi mkwewe kiasi kwamba hakuwahi kumtazama machoni. Bwana Taa akipita karibu naye, bibi yule alijifunika uso na kujisogeza ukutani. Alasiri moja Bwana Taa aliingia kutoka bandani akamkuta kakaa kwenye kile kiti, kichwa wazi, mguu juu ya mguu kama mwanamume, anamtazama usoni bila kupepesa.

"Keti, mwenyeji wangu," alisema bibi. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa nzito na kavu, na ilitoka kabla midomo haijafunguka.

Bwana Taa aliketi sakafuni pale pale.

"Mama..." alinong'ona.

"Mama yako amelala. Nimeazima tu mdomo. Wewe si ulisema tunaongea? Haya, tuongee."

"Wewe... wewe ndiye wa kilimani?"

Bibi alicheka, na mapazia yote yakavutwa kuelekea ndani.

"Sikuwahi kuwa na kilima. Sikuwa na pa kukaa. Sisi wengine ni wapitaji, tunabisha hodi na hatufunguliwi. Siku ile nilikuwa napita juu ya mkutano wenu, nikasikia mtu ananiita mgeni wake mbele ya watu wote na kuiweka nyumba yake shahidi. Ni nani tena angenikaribisha hivyo?"

"Nilikuwa nadanganya," Bwana Taa alisema haraka. "Haki ya Mungu, nilidanganya tu."

"Najua. Nimewajua waongo wengi. Wapo waongo wa njaa, wapo waongo wa hofu. Wewe ulidanganya umeshiba. Ndiyo maana nakudharau, na ndiyo maana nakaa. Kwa mtu mwema ningeona haya."

Kisha kichwa cha bibi kikainama kifuani, na bibi mwenyewe akaanza kulia, akitafuta kitambaa chake ajifunike mbele ya mkwewe.

Mkewe aliposikia hakubishana. Alikwenda kumleta mganga kutoka upande wa pili wa kisiwa, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu, aliyekuja na mfuko wa plastiki na hasira za kupandishwa mlima juani. Hakufukiza kitu. Aligusa kile kiti kwa ncha ya kidole, akapangusa kidole kwenye gauni lake.

"Nani alimwita?" aliuliza.

Mkewe akamtazama mumewe. Bwana Taa akatazama vidole vya miguu yake.

"Nimeshaelewa," mganga alisema. "Mimi natoa waliovamia. Huyu hakuvamia, amealikwa, na mgeni haondolewi na mtu wa nje, anaondolewa na mwenyeji. Ulimkaribisha mbele ya watu? Basi mbele ya watu hao hao sema kwamba ulidanganya, na wao wakuamini. Wakikubali kwamba hapakuwa na jini, atakosa pa kukanyaga."

"Nisimame mbele ya wale, mimi, niseme mimi ni mwongo?"

"Kwani wewe ni nani?"

Kutoka chumba cha bibi kikasikika kicheko kile kikavu. Mganga alichukua mfuko wake. "Mnasikia? Anamjua mwenyeji wake kuliko nyinyi," akasema, akashuka zake mlima.

Bwana Taa alikataa. Alikataa hata mama mkwe wake alipoacha kula, hata mkewe alipomwambia kwa kunong'ona, machozi yakimlenga, "Mama yangu anakwisha, baba. Unamuua kwa kiburi." Aliona ni nafuu nyumba iwe na jini kuliko yeye awe na aibu.

Kilichomvunja ni kitu kingine. Adhuhuri moja alijilaza kitandani, madirisha yamefungwa, mlango umefungwa, jua linawaka nje na watoto wa jirani wanacheza, akasikia nyumba inavuta pumzi, polepole, kama mtu aliyelala fofofo, mapazia yakinyonywa kuelekea ndani na kuachiliwa, milango ikikaza kwenye bawaba zake na kulegea, vyombo vikigongana jikoni na kutulia, na mwanzoni alidhani kuwa ni upepo wa kawaida, kisha akakumbuka madirisha, kisha akagundua kwamba kifua chake mwenyewe kinapanda nyumba inapovuta na kushuka nyumba inapoachia, na kwamba hawezi kuvuta pumzi kabla yake wala kuchelewa baada yake, na alipokuwa anajaribu kuikamata angalau pumzi moja iwe ya kwake, ile harufu ya kinywa chenye njaa ikamwinamia usoni, godoro likabonyea ubavuni pake kama mtu anayeketi kumwangalia mgonjwa, na nyumba ikaacha kupumua.

Iliacha kwa muda. Alikakamaa, macho yakamtoka, vidole vikachana shuka. Kisha sauti ikasema sikioni, bila haraka, "Upepo wote ni wangu. Si ulisema hivyo?"

Ikampa pumzi.

Siku ya kura aliingia ukumbini akiwa amekonda, shati linamning'inia. Mkewe alikuwa amemshika mkono. Hakungoja aitwe.

"Ndugu zangu," alisema, na neno lenyewe lilikuwa geni mdomoni mwake. "Hakuna jini kilimani. Hajawahi kuwako. Nilidanganya kwa sababu ya jenereta yangu. Pigieni kura mitambo."

Watu walitazamana. Laiti angeishia pale! Lakini aliwaona wanavyotazamana, na kiburi cha miaka hakitoki kama kikohozi.

"Nanyi mliamini?" akaongeza. "Watu wazima na ndevu zenu?"

Mshona viatu, aliyekaa safu ya mbele, alisimama taratibu. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huruma, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Jamani, mwangalieni," alisema kwa sauti ya chini. "Mwangalieni alivyokwisha. Tangu lini Bwana Taa akatuita ndugu? Tangu lini akaitaka mitambo? Huyu anayesema si yeye. Huyo ni mgeni wake, anatutega tuguse kilima chake."

Ukumbi mzima ukashusha pumzi kwa pamoja.

"Ni mimi!" Bwana Taa alipiga kelele. "Ni mimi, ninyi wajinga, ni mimi!"

"Anadanganya mambo mengi, lakini leo amesema kweli," mkewe alisema. "Mimi ni mkewe. Naapa hapakuwa na kitu kilimani."

"Pole sana, mama," alijibu mshona viatu. "Wewe unalala humo humo ndani. Hata wewe hatujui ni nani anayekusemea."

Mhandisi alijaribu kusema habari za mapanga na nyaya, lakini walimtazama kama mtoto anayeongea msibani. Walipoulizwa nani anapinga mitambo, mikono iliinuka mpaka nyuma kabisa, hata ya mama aliyezalishwa kwa mwanga wa ile simu. Na Bwana Taa alisikia, juu ya vichwa vyao, pumzi moja ndefu ikivutwa na kushushwa, ya mtu aliyeshiba.

Mkewe hakurudi nyumbani siku ile ila kumchukua mama yake. Alimbeba mgongoni. Bibi alipovuka kizingiti tu, alijifunika kichwa akaomba chakula. Wakahamia chumba cha nyuma cha zahanati, na huko mkunga akaendelea kupokea watoto wa watu wale wale, simu mdomoni, bila kuwasalimia sana.

Bwana Taa alibaki. Alijaribu kuondoka mara moja, akafika gatini, pumzi ikamwishia, akarudishwa na wabeba mizigo.

Kisha watu wakaanza kupanda mlima. Kwanza alikuja mshona viatu na mkewe na shemeji zake wawili, wamevaa nguo za heshima. Walikuwa na kesi ya kiwanja. Bwana Taa alifungua mlango.

"Karibuni," alisema. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alifurahi kuwaona. "Karibuni, nimekaa peke yangu. Mmekuja kunijulia hali?"

Mshona viatu alitazama juu ya bega lake, kuelekea sebuleni.

"Hatukuja kwako, Bwana Taa," alisema kwa heshima. "Mwambie mwenye nyumba tumefika."

Alitaka kuwatukana. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi. Ndani, kutoka kwenye kiti, ile sauti kavu ikasema, "Waingize."

Akasogea pembeni. Walipita mmoja mmoja, wameinamisha vichwa, wamevua viatu, na hakuna aliyemwangalia. Mlango ukajifunga nyuma yao. Bwana Taa akabaki barazani kidogo, kisha akachutama, akaanza kuvipanga viatu vyao mstari, jozi kwa jozi.