Sahani ya Chaji Juu ya Vitambaa

Mama Pacha alikuwa mshonaji. Chumba chake cha mbele kilikuwa sebule, na hapohapo kilikuwa karakana. Cherehani ilikaa dirishani. Kando yake palikuwa na meza ndefu ya kukatia, na juu ya meza vitambaa vilirundikana hadi kugusa rafu. Mumewe, mchomeaji wa vyuma, alifanya kazi uani. Pacha wao wawili wa kike walikuwa shuleni.

Siku hizo Mama Pacha hakuwa na raha. Mdogo wake alikuwa mjamzito na mwezi wake ulikuwa umetimia. Shemeji alikuwa safarini kikazi, kwa hiyo mdogo wake aliishi peke yake upande wa pili wa mji. Mimba yake ya kwanza iliharibika. Safari hii daktari alimwonya kwamba uchungu ukianza tu, aende hospitali bila kuchelewa.

Dada hao wawili walipanga mambo mapema. Mdogo atapiga simu. Mkubwa atamfuata kwa gari la jirani, fundi wa simu ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Miwani. Mwanamke huyo fundi alikuwa na kigari kikuukuu, lakini kilikuwa hakimwangushi mtu.

"Dada, simu yako isizimike," mdogo wake alimwambia. "Nikikukosa wewe, sina mwingine."

Kumbe simu yenyewe ndiyo iliyokuwa na shida. Waya wa chaji haukukaa kwenye tundu lake. Ukiushikilia kwa kidole, chaji inaingia. Ukiuachia, inakata. Mama Pacha aliuegemeza kwa mkasi. Aliufunga kwa uzi. Aliubembeleza kama mtoto mwenye homa. Wapi.

Ndipo mumewe aliporudi na sahani ya chaji. Ilikuwa bapa na ya mviringo, ndogo kama kisosi. Waya wake unachomekwa ukutani. Simu inalazwa juu yake, na chaji inaingia bila kuchomeka chochote kwenye simu. Muuzaji alimhakikishia kwamba simu ya mkewe inakubali chaji ya namna hiyo. Mume hakuuliza zaidi. Kuuliza si ujinga, lakini alikuwa na mageti ya watu yanamsubiri. Alichukua kichwa cha chaji cha zamani kilichokuwa kwenye droo, akachomeka, akarudi uani.

Mama Pacha alitaka simu iwe karibu na mkono. Akaiweka sahani juu ya rundo la vitambaa, akailaza simu juu ya sahani. Hakuivua kava yake nene ya mpira. Nyuma ya kava hiyo palikuwa na pete bapa ya chuma ya kupitishia kidole. Taa ndogo ya sahani iliwaka, kisha ikaanza kupepesa. Akafurahi. Alidhani inapepesa kwa sababu inafanya kazi.

Akakaa kwenye cherehani na kuendelea na gauni la mteja.

Baada ya muda alisikia harufu ya kitu kinachoungua. Hakushtuka. Mke wa mchomeaji huzoea harufu za kila namna. Akapitisha mshono mwingine. Harufu ikazidi. Safari hii ilikuwa ya mpira. Akaondoa mguu kwenye cherehani na kusikiliza. Uani kulikuwa kimya. Mumewe hakuwa anachoma kitu.

Akageuka. Uzi mwembamba wa moshi ulikuwa unapanda kutoka chini ya simu.

Alinyoosha mkono aichukue, akaurudisha haraka. Kava ilikuwa imelainika na pete ya chuma ilikuwa ya moto kama pasi. Kitambaa kilichokuwa chini ya sahani kilikuwa cheusi, na ukingo wa ule weusi ulikuwa unatambaa, mwekundu, ukielekea kwenye rundo. Alimwita mumewe. Mume akaingia mbio na ndoo ya maji, akaiinua.

"Usimwage," ilisema sauti mlangoni. "Zima umeme kwanza. Ukimwaga maji kwenye waya wenye umeme, utaua mtu."

Alikuwa Fundi Miwani. Harufu ilikuwa imemfikia ng'ambo ya kichochoro. Mume alizima swichi ya ukutani na kuchomoa kichwa cha chaji. Fundi Miwani akachukua rula ndefu ya mbao ya kupimia vitambaa. Kwa rula hiyo akaisukuma sahani na simu hadi kwenye sakafu ya saruji, mbali na kila kitu. Hapo ndipo alipomruhusu mume amwagie vitambaa maji. Moshi ukafuka, kisha ukaisha.

Mama Pacha hakutazama vitambaa. Alichutama mbele ya simu. Kioo chake kilikuwa giza. Akataka kuiwasha.

Fundi Miwani akamzuia. Alimweleza kwamba simu ikipata joto kupita kiasi hujizima ili ijilinde, na betri iliyoungua inaweza kuvimba au kulipuka ikilazimishwa.

"Na mdogo wangu akipiga?" Mama Pacha aliuliza.

"Iache ipoe. Tutatoa laini tuiweke kwenye simu ya mumeo."

Namba ya mdogo wake ilikuwa ndani ya simu hiyo tu, na kusubiri kule kulimchoma kuliko moto wenyewe. Simu ilichukua muda wake kupoa, nao wakaizunguka kama watu wanaolinda nyoka. Ilipofaa kushikwa, Fundi akatoa laini. Mume akaiweka kwenye simu yake. Mara ujumbe ukaanza kumiminika. Mdogo wake alikuwa amepiga, akapiga tena, na tena. Ujumbe wa mwisho ulisema: "Dada uko wapi?"

Mama Pacha akampigia. Simu iliita mpaka ikakata.

Mume alibaki kuvilinda vitambaa na kuwangoja watoto. Fundi Miwani aliendesha. Mama Pacha alipiga simu kila barabara waliyoingia, na kila mara iliita bure. Walimkuta mdogo wake ameketi sakafuni mlangoni, ameshika mwimo kwa mikono miwili. Simu ilikuwa imemponyoka ikaingia chini ya kitanda, naye hakuweza kuinama.

"Nilidhani umenitupa," alisema.

Mama Pacha alimshika kwapani. Alimwinua, wakamwingiza garini.

Hospitalini wauguzi walimpokea kwa haraka na kumpeleka ndani. Mlango ukafungwa. Dada mkubwa alibaki kwenye benchi la ukumbini, akivunja vidole. Kila sauti iliyotoka ndani ilimfanya asimame. Fundi Miwani akamshika mkono, akamketisha.

"Ni mimi niliyeiweka pale," Mama Pacha alisema. "Niambie nilikosea wapi. Nikikaa kimya nitapasuka."

Basi Fundi Miwani akamweleza polepole. Ndani ya sahani kuna waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi, kama uzi kwenye kigurudumu cha cherehani. Ndani ya mgongo wa simu kuna waya mwingine kama huo. Umeme ukipita kwenye waya wa sahani, hutokea nguvu ya sumaku inayogeuka haraka sana. Nguvu hiyo huvuka hewa na kava nyembamba, ikaamsha umeme kwenye waya wa simu. Umeme huo ndio unaojaza betri.

"Sasa ukiweka chuma katikati, chuma nacho hupata umeme," alisema. "Lakini chuma hakina betri ya kujaza. Kinachoweza kufanya ni kupata moto tu. Pete, sarafu, sindano, kadi ya benki, karatasi ya bati ya vidonge, vyote viondoe."

"Lakini taa ilikuwa inapepesa."

"Ilikuwa inakuonya. Kwa sahani nyingi, taa ikipepesa ujue kuna kasoro. Sahani nzuri ingejizima. Hii haikujizima, na kile kichwa cha zamani hakikuwa cha kwake. Tena uliilaza juu ya nguo. Hata bila chuma chaji hii huleta joto kidogo, na joto linahitaji pa kutokea."

Mama Pacha aliuliza kama sahani hiyo ingemdhuru mtoto mchanga. Fundi alimwambia nguvu yake haifiki mbali, na mtu wa kawaida hana la kuhofia. Ila mtu aliyewekewa kifaa cha kusaidia moyo asiiweke karibu na kifua. Iwe mbali zaidi ya shubiri moja, na amuulize daktari wake. Hata hivyo, alisema, hakuna chaji inayofaa kukaa kitandani, iwe cha mtoto au cha mkubwa.

Ndani kukawa kimya. Kimya kilirefuka mpaka Mama Pacha akafumba macho. Kisha kikasikika kilio chembamba, cha hasira.

Muuguzi alitoka na kusema ni msichana. Alichelewa kulia, lakini sasa yeye na mama yake wako salama. Akaongeza, bila kutabasamu, kwamba wangechelewa kidogo zaidi wangekuwa wanazungumza mengine. Mama Pacha alitaka kushukuru. Machozi yakamtangulia.

Kesho yake Fundi Miwani aliifungua simu. Betri ilikuwa imevimba, akaiondoa bila kuitoboa na kuweka mpya. Kisha akachungulia tundu la chaji kwa taa yake na kuanza kucheka. Tundu halikuwa limelegea hata kidogo. Lilikuwa limejaa nyuzi na vumbi la vitambaa. Simu ikiwa imezimwa, alilisafisha kwa kijiti cha mbao. Waya ukaingia na kukaa.

Hata hivyo sahani hawakuiacha. Walinunua nyingine iliyo bora, pamoja na kichwa chake chenyewe. Mama Pacha aliitupa kava ya pete akaivisha simu kava nyembamba. Mume naye alikwenda kwa seremala. Mtaa ulimtania alipopita na ubao begani, kwamba vyuma leo vimemshinda. Hakujali. Akaupigilia ukutani, mbali na vitambaa, ukawa rafu ya sahani peke yake.

Mdogo wa Mama Pacha alipokuja na mtoto kukaa nao, alitaka kuchaji simu yake. Mama Pacha aliipokea. Akatoa kadi ya benki iliyokuwa ndani ya kava, akailaza simu katikati ya sahani, akasubiri. Taa ikawaka na kutulia. Baadaye akagusa mgongo wa simu kwa kiganja. Ulikuwa vuguvugu tu.

Pacha walikuwa wanatazama. Mmoja aliuliza kwa nini kijiko hakiruhusiwi kukaa pale. Mama akawaeleza kwa maneno yake mwenyewe, kuhusu waya wa chini, waya wa juu, na chuma kinachojiingiza katikati.

Pacha aliyeuliza alifikiri. "Kwa hiyo sahani haijui simu ni ipi na chuma ni kipi?"

"Nyingine hazijui," mama alisema. "Kujua ni kazi yetu."