Mbona, Nyuma ya Mlango

Arubaini ya Bi Mwanakhamis ilipokwisha, chumba chake kilitiwa kufuli. Alasiri ileile mjukuu wake Tabia, mtoto wa miaka saba, alipita mlangoni, na sauti ya kizee ikatoka ndani: "Mbona?"

"Mama, Bibi anauliza mbona nini?"

Mwanakheir, mama yake, alikuwa akikuna nazi. Mkono ukasita. "Nyamaza. Bibi keshakufa."

Kesho yake sauti ilirudi, na harufu ya udi ambao hakuna aliyeuchoma. Mbona. Mbona. Matar, mumewe Mwanakheir, akahamaki. "Mbona nini wewe?" aliufokea mlango, kama anayegombana na mpangaji. Siku ya nne Tabia aliitwa, na badala ya "Naam" akajibu kwa sauti ya kizee: "Mbona." Tangu hapo hakuwa na neno jingine, wala hakula.

Fundi Usi, mganga wa majini, alikuja na chetezo. Alifukiza, akauliza, akapewa mbona tu. "Jini huyu ana kinyongo," alinong'ona. "Kuna mtu humu kamkosea."

Mwanakheir alimjua mtu huyo. Kwao, watu wa Ngazija, mbona si swali. Mdogo huamkia kwezi, mkubwa humwitikia mbona. Baada ya Mapinduzi aliogopa wasije wakaitwa wageni, akakipiga marufuku Kingazija nyumbani, lugha aliyoinyonya kwa mama yake. Bi Mwanakhamis alikaa miaka minne bila kuamkiwa kwa lugha yake, mpaka akafa.

"Mkataa kwao mtumwa," fundi alisema alipoelezwa. "Mwamkie, mwanangu."

Kufuli likafunguliwa. Mwanakheir akapiga magoti, na huku akisikia majirani wakipita chini ya dirisha, na moshi wa ubani ukimkaba koo, na kamba za kitanda kitupu zikilia kana kwamba kuna mtu anajiinua taratibu akae amtazame, akatoa neno lililomwia zito mdomoni: "Kwezi, mama."

"Mbona," ikaitikia sauti, kwa upole.

Kisha ikaendelea, maneno marefu ya mama kwa mwanawe. Mwanakheir akatega sikio, na hofu ikamshika upya. Hakufahamu hata moja. Kingazija chote kilikuwa kimemtoka, asijue lini.

Nyuma yake Tabia, ambaye hakupata kufundishwa, alicheka akajibu kwa lugha hiyohiyo, haraka, bila kukwama.

"Anasemaje, mwanangu?" Mwanakheir alinong'ona. "Niambie na mimi."

Tabia alimkodolea macho, Kiswahili hakijui tena. Akakigeukia kitanda, akauliza kitu huku akimwonyesha mama yake kwa kidole, kama mtoto anayeuliza mgeni huyu ni nani.