Kura Moja Mdomoni mwa Kadogo

Kila asubuhi Kadogo na Redio walikuwa wa kwanza kufika darasani. Mmoja alifagia, mwingine alifuta ubao, na kazi ilikwenda kwa maneno mengi ya Kadogo na machache ya Redio. Redio alikuwa na kigugumizi. Watundu ndio waliompa jina hilo, eti ni redio yenye betri zilizokwisha. Jamani, watoto wana midomo! Lakini muhula huu Redio alipiga moyo konde akagombea ukiranja wa darasa. Alisimama mbele ya wenzake wote na hotuba yake akaimaliza mpaka neno la mwisho, jasho likimtiririka. Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine duniani ila ukiranja ule.

Mpinzani wake alikuwa Mlingoti, mvulana mrefu, mcheshi, ambaye uwanjani hakuna aliyeweza kumkaba.

Siku ya uchaguzi mwalimu wa uraia aliingia na boksi tupu la chaki.

"Rais wetu tunamchaguaje?" aliuliza.

"Kila mtu anapiga kura, zinahesabiwa zote pamoja!" darasa lilijibu.

"Sawa. Jirani zetu wana njia nyingine. Wananchi wa kila mkoa wanapiga kura, kisha mkoa unamtuma mjumbe mmoja apeleke jina lililoshinda. Wajumbe ndio wanaomtaja rais. Leo tutumie ipi?"

Watoto na kitu kipya! Wote walipiga kelele wakitaka njia ya jirani, Redio akiwa miongoni mwao.

"Mkishakubali hakuna kurudi nyuma," mwalimu alionya.

"Tumekubali!"

Mistari mitano ya madawati ikawa mikoa mitano, wanafunzi wanane kila mstari. Mstari wa tano ulimchagua Kadogo awe mjumbe. "Huyu hajui kudanganya," walisema. "Akijaribu tu, masikio yanamcheza." Wakacheka, wakaandika kura zao, wakahesabu. Mlingoti tano, Redio tatu. Moja kati ya zile tatu ilikuwa ya Kadogo mwenyewe.

"Utamtaja nani, mjumbe?" waliuliza.

"Mlingoti," alijibu shingo upande.

Wajumbe walianza kusimama mmoja mmoja. Mstari wa kwanza ukamtaja Redio. Wa pili pia. Wa tatu ukasema Mlingoti, na wa nne vilevile. Mbili kwa mbili! Darasa zima likamgeukia Kadogo.

"Mwalimu," aliuliza kwa sauti ndogo, "mjumbe akitaja jina jingine anafungwa?"

"Hafungwi. Sheria za jirani zetu hazimlazimishi. Ana ahadi yake tu."

Afadhali mwalimu angesema anafungwa! Redio alikuwa akimtazama, macho yamejaa matumaini, na midomo yake ilishaanza kutabasamu. Si rafiki yake ndiye aliyebaki? Kadogo alitamani ardhi ipasuke aingie. Kura ilikuwa mdomoni mwake lakini haikuwa yake, na hakuwa na la kufanya.

"Mlingoti," alisema.

Shangwe zilipolipuka, Redio aliinamisha kichwa kwenye dawati. Kisha mwalimu, kwa ajili ya somo, akakusanya karatasi zote na kuzihesabu pamoja. Akaandika ubaoni: Redio ishirini na nne, Mlingoti kumi na sita. Mistari miwili ya mbele karibu yote ilikuwa ya Redio, lakini kwenye ile mitatu ya nyuma alishindwa kwa kura chache chache.

"Basi Redio ameshinda!" Kadogo aliruka. "Mwalimu, tumpe yeye!"

"Kwa njia yetu, ameshinda. Kwa njia mliyokubali, ameshindwa. Sheria haibadilishwi baada ya matokeo, mwanangu."

Kuanzia hapo Redio akampa Kadogo kisogo. Asubuhi alifuta ubao kimya, akamaliza, akatoka nje. Kadogo alimwita, hakugeuka. Alimwekea nafasi kwenye benchi, Redio akaenda kukaa kwingine. Siku zikapita hivyo, na Kadogo akahisi vibaya kuliko kama angekuwa ameiba, maana aliyeiba angalau ana kitu cha kurudisha.

Jumamosi alishindwa kuvumilia. Alikwenda saluni kwa shangazi yake Redio, msusi wa mtaa. Shangazi alikuwa anamsuka mteja, kitana kimemning'inia kwenye nywele zake mwenyewe, na Redio ameketi pembeni akichambua rasta.

"Shikamoo shangazi. Nimekuja kumwomba Redio msamaha."

"Marahaba. Habari zako zote ninazo. Mstari wako walisema nani?"

"Mlingoti."

"Na wewe ukasema nani?"

"Mlingoti."

"Sasa msamaha wa nini?"

Kadogo akabubujikwa na machozi.

Shangazi aliacha kusuka. "Sikilizeni, nyie wawili. Njia yetu na njia ya jirani, zote zina mahali zinapoumiza mtu. Kama hamuipendi njia, semeni kabla ya kupiga kura, mbadilishe. Lakini hakuna njia itakayofaa kitu kama aliyetumwa na watu anafika mbele na kusema yake. Ukibeba neno la watu, lifikishe kama ulivyopewa, hata likikuchoma. Na wewe Redio, unamnunia mwenzio kwa kuwa mkweli?"

Mteja naye aliguna kukubali. Redio aliweka rasta chini. Kisha akainua uso.

"N-n-nitagombea tena mwakani," alisema.

"Gombea," Kadogo alijibu akijifuta machozi. "Nitakupigia kura."

Redio alitikisa kichwa.

"Hapana. N-nataka wewe ndiye uzihesabu."